Dhamana ni ya Kigae, Paa ni Lako

Barua ya kukataa madai huandikwa kwa adabu. Hukushukuru kwa kununua bidhaa ya kampuni, hukiri kwamba sampuli zako zimepokelewa, kisha hueleza kuwa uchunguzi haukubaini kasoro yoyote ya kiwandani. Kilichoonekana, inasema, ni uchakavu wa kawaida, au hewa isiyopita vizuri darini, au kazi mbaya ya fundi aliyeezeka. Nimezisoma barua za namna hiyo, yetu na za majirani walioezeka kwa vigae vya lami vya aina moja na vyetu, na zinafanana hadi mpangilio wa sentensi. Waliozipokea walikuwa na hati za dhamana za miaka 30, wengine za maisha yote, na mapaa yao yalianza kupasuka na kujikunja kabla hata nusu ya muda huo haijafika.

Makala haya nayaandika kwa ajili yao, na kwa mwenye nyumba ambaye ameanza kuona punje za mawe zikirundikana chini ya bomba la gata na hajui aanzie wapi. Ninalotaka alishike mapema ni hili: katika madai ya dhamana, kampuni unayoidai ndiyo inayopokea ushahidi, ndiyo inayoupima katika maabara yake, ndiyo inayosoma masharti iliyoyaandika yenyewe, na ndiyo inayotoa uamuzi. Wahenga walituonya tusimpelekee ngedere kesi ya nyani, lakini dhamana ya vigae haikupi mahali pengine pa kuanzia. Kwa hiyo ushahidi wako uwe umekamilika na uwe mikononi mwako kabla bahasha ya kwanza haijaondoka nyumbani, na kabla kigae hata kimoja hakijang'olewa.

Ugomvi wenyewe hauelewiki bila kukijua kigae. Kigae cha lami ni bidhaa ya Amerika Kaskazini. Historia yake huhesabiwa tangu 1903, pale Henry Reynolds wa Grand Rapids, Michigan, alipoanza kukata mabunda ya karatasi ya lami yenye mawe juu yake kuwa vipande vidogo vya kuezekea. Mpaka leo ndicho kinachofunika nyumba nyingi za Marekani na Kanada. Katikati yake kuna mkeka mwembamba. Mkeka huo hupakwa lami iliyopulizwa hewa ikiwa ya moto sana ili baadaye isiyeyuke juani, ikachanganywa na unga wa mawe ya chokaa, unga ambao kwa kawaida huzidi nusu ya uzito wa mchanganyiko. Juu yake humwagwa punje za mawe zilizopakwa rangi. Kazi kubwa ya punje hizo ni kuikinga lami na miale ya jua, maana lami iliyo wazi juani hukauka na kupasuka. Halafu kuna mstari wa gundi unaolainika kwa joto la jua na kukishikamanisha kigae na mwenzake ili upepo usikinyanyue.

Kila hatua hapo inaweza kuharibika kiwandani. Lami ikipulizwa kupita kiasi huwa ngumu na hukatika badala ya kunyumbuka. Unga ukizidi, kigae huwa kizito lakini dhaifu. Mkeka ukiwa mwepesi mno, hauwezi kuhimili kutanuka mchana na kusinyaa usiku, mwaka baada ya mwaka. Unyevu au gesi ikinaswa ndani, jua huisukuma itoke na kuacha malengelenge. Punje zikimwagwa wakati lami imeshapoa, hazizami vya kutosha na huanza kudondoka mapema. Siku ya kuezeka huoni lolote kati ya haya. Kigae kibovu na kizima hutoka kwenye bunda vikiwa sawa kwa rangi na kwa harufu, na fundi mwaminifu kabisa atavipigilia vyote kwa moyo mmoja.

Zamani mkeka ulikuwa wa nyuzi za selulosi, karatasi nzito iliyoloweshwa lami. Karatasi hiyo ikipata mwanya wa kunywa maji, kigae huvimba, kingo hujikunja na pembe huinuka. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vilihamia kwenye mkeka wa nyuzi za kioo, ambao haunywi maji na hauungui kwa urahisi, lakini baadhi ya vigae hivyo vipya vilikuja na ugonjwa wao: nyufa ndefu zinazokipasua kigae kuanzia juu hadi chini. Ndiyo maana kiwango cha D3462 cha ASTM, shirika la kuweka viwango vya bidhaa, kinachohusu vigae vya nyuzi za kioo, kinadai kigae kihimili nguvu ya kuchanwa isiyopungua gramu 1,700. Namba hiyo ikumbukwe. Mara nyingi kifungashio cha vigae huandikwa kwamba bidhaa inatimiza kiwango hicho, na maandishi hayo ni ahadi inayoweza kupimwa na maabara isiyo ya kampuni.

Vigae vya selulosi ndivyo vilivyozaa baadhi ya kesi kubwa zaidi za mapaa. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho ya mashariki mwa Pennsylvania iliidhinisha maridhiano kati ya kampuni ya CertainTeed na wenye nyumba waliotumia vigae vyake vya selulosi vilivyotengenezwa kati ya 1987 na 2005. Mwaka 2014, katika kesi ya vigae vya IKO, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 7, moja ya mahakama za rufaa za shirikisho nchini Marekani, ilitengua uamuzi wa chini uliowazuia wenye nyumba kushtaki kwa pamoja. Hoja moja ya wadai katika kesi hiyo ilikuwa rahisi kueleweka: tuliuziwa vigae vilivyotajwa kuwa vinatimiza kiwango cha ASTM D225, kile cha vigae vya selulosi, na kama havikitimizi, basi kila mmoja wetu alipewa bidhaa pungufu siku ile ile ya kununua, liwe paa lake limeshavuja au bado.

Hoja hiyo ina uzito kwa sababu kampuni nyingi hujibu kinyume chake. Hukubali kwamba kigae kimepasuka, halafu husema ufa huo hauingizi maji, kwa hiyo ni suala la sura tu. Soma hati yako ya dhamana kwa makini hapo. Zipo zinazosema kampuni itawajibika kwa kasoro ya kiwandani "inayosababisha kuvuja", na zipo zinazotaja kasoro inayoathiri utendaji wa kigae kwa ujumla. Hizo ni dhamana mbili tofauti kabisa. Kwa mwenye hati ya aina ya kwanza, picha ya doa la maji kwenye dari inaweza kufanya kazi kuliko picha mia za nyufa.

Sasa nije kwenye kiini, yaani chanzo cha uharibifu. Nguvu zako nyingi zitatumika hapa, kwa sababu uharibifu ule ule unaweza kuwa na walipaji watatu tofauti. Ukiwa umetokana na mvua ya mawe, ni wa kampuni ya bima. Ukiwa umetokana na uezekaji, ni wa fundi. Ukiwa wa kiwandani, ni wa mtengenezaji. Kila mmoja ana sababu ya kumnyooshea kidole mwenzake, na mwenye nyumba asiyeweza kutofautisha atazungushwa baina yao mpaka paa limmalizie akiba.

Mvua ya mawe huacha alama zilizotawanyika bila mpangilio. Palipopigwa, punje huwa zimetoka, na ukibonyeza kwa kidole gumba panabonyea kidogo kwa sababu mkeka wa chini umevunjika. Zaidi ya hapo, mawe hayachagui: bomba la hewa la bati laini juu ya paa litakuwa limebonyea, gata litakuwa na makovu, hata nyavu za madirisha. Lengelenge ni kitu kingine. Linaacha shimo dogo lenye kingo wima, lami nyeusi ikionekana ndani, na mkeka wa chini ukiwa mzima. Mkaguzi wa bima akikwambia ni malengelenge, mwombe aandike hivyo na asaini, maana barua yake ya kukataa ni kielelezo kizuri cha kumpelekea mtengenezaji. Rekodi za hali ya hewa nazo ziko wazi kwa umma. Nchini Marekani shirika la NOAA huhifadhi taarifa za dhoruba na mvua za mawe kwa tarehe na eneo, na mtu yeyote anaweza kuzitafuta.

Makosa ya fundi yana sura zake. Misumari iliyopigwa juu mno, nje ya mstari uliowekwa na kiwanda, hufanya vigae viteleze na kushuka. Misumari iliyozamishwa kwa nguvu za mashine hukata mkeka. Nyufa zinazofuata mstari mmoja ulionyooka, zikipita kigae hadi kigae sawasawa na maungio ya mbao za chini, zinasema kwamba mbao ndizo zilizocheza. Lakini nyufa zinapotokea popote pale, kwenye vigae vingi vya mteremko mmoja, bila kujali maungio wala misumari wala mahali fundi alipokanyaga, na zikawa mbaya zaidi upande unaopigwa na jua, hapo maelezo ya uezekaji huanza kukosa miguu.

Kuna ushahidi mmoja ambao nadhani haupewi heshima unayostahili: nyumba za jirani. Katika mtaa uliojengwa kwa wakati mmoja, vigae vya shehena moja huwa vimetua juu ya mapaa kadhaa, mara nyingi kwa mikono ya mafundi tofauti. Sisi tulikwenda mlango kwa mlango. Tulipopata mapaa ya aina moja ya kigae, yaliyoezekwa na makampuni yasiyojuana, yote yakiwa na nyufa za namna moja, hoja ya kwamba fundi wetu ndiye aliyekosea haikuwa na pa kusimama. Jirani mmoja mzee alikuwa ameweka bunda zima lililobaki ndani ya gereji yake, na karatasi ya kufungia ikiwa bado nzima, na namba ya uzalishaji ikisomeka. Bunda lile lilikuwa na thamani kuliko maneno yetu yote, kwa sababu lilionyesha vigae vilitoka kiwanda gani na lini.

Hoja ya hewa ya darini inahitaji nafasi yake, kwa kuwa ndiyo inayotajwa mara nyingi kuliko zote na ndiyo inayowatia watu woga. Mantiki yake ni kwamba dari isiyopitisha hewa hupandisha joto, joto hukaanga kigae kutoka chini, na kigae hufa mapema. Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani hudai eneo la matundu ya hewa lisilopungua 1/150 ya eneo la sakafu ya darini, au 1/300 masharti fulani yakitimizwa. Dari ya mita za mraba 150 kwa kanuni ya kwanza inahitaji mita moja ya mraba ya upenyo halisi. Hilo linapimika. Panda darini na futi, pima matundu ya ukingoni na ya kileleni, hakikisha tabaka la kuzuia joto halijaziba yale ya ukingoni, andika hesabu, piga picha.

Hata hivyo, usikubali kwamba upungufu wa matundu ukionekana basi kesi imekwisha. Watafiti wa majengo, William Rose wa Chuo Kikuu cha Illinois akiwa mmoja wao, wamepima joto la vigae kwa muda mrefu, na athari ya matundu ya hewa kwenye joto la kigae chenyewe ni ndogo. Rangi ya kigae ina nguvu zaidi. Na kuna kipimo kisichohitaji maabara. Tazama vigae vilivyo juu ya ukingo unaotokeza nje ya kuta, au juu ya kibaraza kilicho wazi. Chini yake hakuna dari. Kuna upepo mtupu. Kama vigae vya hapo vimepasuka sawa na vile vilivyo juu ya vyumba, basi hewa ya darini haiwezi kuwa chanzo. Tulipoituma hoja hii kwa maandishi, pamoja na picha za pande zote mbili, majibu ya kampuni yalibadilika lugha. Hawakukiri kosa, lakini neno "hewa" halikurudi tena kwenye barua zao.

Nirudi kwenye hati yenyewe, kwani hata ukishinda hoja ya chanzo, hati ndiyo itakayoamua utalipwa nini. Dhamana za vigae huwa na sehemu mbili za muda. Ya kwanza ni miaka ya mwanzo, kwa kampuni nyingi 10 kwa vigae vya daraja la juu, ambapo kampuni huahidi vigae vipya pamoja na gharama za kuvipigilia. Baada ya hapo kazi ya mikono hutoka kabisa, na thamani ya vigae huanza kukatwa kwa kadiri ya miezi iliyopita. Kung'oa vigae vya zamani, kuvibeba na kuvitupa, mabati ya kuzibia maungio, karatasi ya chini, mbao zilizooza, dari iliyoloa, godoro lililoharibika: karibu vyote hivyo huwekwa nje ya dhamana kwa maandishi madogo.

Tufanye hesabu ya kubuni ili ionekane. Chukua dhamana ya miaka 30 na paa lililofeli mwaka wa 15. Nusu ya muda imekwenda, kwa hiyo thamani ya vigae unayoweza kudai ni nusu. Tuseme vigae ni theluthi moja ya gharama yote ya kuezeka upya. Nusu ya theluthi ni sehemu moja ya sita. Sehemu tano zilizobaki ni zako wewe uliyeambiwa una dhamana ya miaka 30. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, hata kama limeandikwa na kusainiwa, kwa sababu mnunuzi anapooneshwa namba 30 dukani hakuna anayemwonesha mteremko wa thamani unaoshuka chini ya namba hiyo.

Dhamana za "maisha yote", ambazo zilienea sana katika soko la Marekani kuanzia 2011, hazikuondoa utaratibu huo. Maisha yanayohesabiwa kwa kawaida ni muda ambao mnunuzi wa kwanza anaendelea kuimiliki nyumba, na ndani ya hati huwa kuna idadi ya miaka inayotumika kukatia thamani. Nyumba ikiuzwa, dhamana nyingi huhamishika mara moja tu, na kwa sharti kwamba kampuni ijulishwe ndani ya siku chache zilizotajwa. Anayenunua nyumba yenye paa la miaka michache aidai hati hiyo pamoja na funguo. Asisubiri kuhamia.

Sheria inasaidia kwa kiasi. Nchini Marekani, sheria ya Magnuson-Moss, iliyosainiwa na Rais Gerald Ford tarehe 4 Januari 1975, inadai dhamana ya maandishi iseme wazi kama ni kamili au ina mipaka, na inamruhusu mlaji aliyeshinda kesi kurudishiwa gharama za wakili. Haimlazimishi mtengenezaji kutoa dhamana, na haigusi vifaa vyote vya ujenzi kwa namna moja: vifaa alivyonunua mlaji dukani kwa ajili ya kukarabati nyumba yake vinalindwa, ilhali vile vilivyokuwa tayari sehemu ya nyumba aliponunua nyumba hiyo huangukia nje. Kuna pia sheria ya biashara, UCC, inayotumika karibu katika majimbo yote, ambayo huweka ukomo wa miaka minne wa kushtaki kwa kuvunjwa kwa dhamana, na miaka hiyo huhesabiwa tangu bidhaa ilipokabidhiwa, hata kama mnunuzi hakujua kasoro. Isipokuwa pale dhamana inapotamka waziwazi kwamba inahusu utendaji wa baadaye. Unaona basi kwa nini sentensi moja ndani ya hati inaweza kuokoa au kuua madai ya mwaka wa 12.

Halafu kuna kifungashio. Ile karatasi inayofunga bunda, ambayo fundi huichana na kuitupa kwenye lori la taka, mara nyingi imechapishwa masharti yote ya dhamana, pamoja na kifungu kinachosema mgogoro wowote utapelekwa kwa msuluhishi wa kulipwa badala ya mahakama. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 11, katika kesi ya wenye nyumba wa Florida dhidi ya kampuni ya vigae ya TAMKO, iliamua kwamba fundi alipofungua bunda aliyakubali masharti hayo kwa niaba ya mwenye nyumba. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Jimbo la Oklahoma, katika kesi dhidi ya kampuni hiyo hiyo, iliamua kinyume: kazi ya fundi ni kuezeka, na hakuwa na mamlaka ya kumnyang'anya mwenye nyumba haki yake ya kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama. Mimi nasimama na Oklahoma. Mtu hawezi kufungwa na karatasi ambayo hakuwahi kuiona, iliyochanwa juu ya paa lake akiwa kazini, na mtu ambaye alimlipa apige misumari. Lakini maoni yangu hayabadilishi sheria ya Florida, kwa hiyo ombi langu kwa kila anayeezeka ni kumwambia fundi mapema, na kuandika kwenye mkataba, kwamba vifungashio viwili, pamoja na nusu bunda la vigae, vibaki nyumbani.

Kuhusu madai yenyewe, utaratibu ni mfupi kuusimulia. Hati nyingi hutaka taarifa itolewe haraka baada ya kugundua tatizo, nyingi zikitaja siku 30. Unajaza fomu, unaambatisha uthibitisho wa kununua, picha za karibu na za mbali, na sampuli za vigae vizima vilivyotolewa juu ya paa. Usitume sampuli zote. Vigae vinavyotolewa sehemu moja vigawanywe: vya kampuni, na vyako, vikiwa na tarehe na alama ya mahali vilipotoka, vimelazwa bapa mahali pakavu pasipo joto kali. Kama unaweza kumlipa mhandisi wa mapaa asiye na uhusiano na kiwanda, mlipe kabla ya kutuma chochote, na akague yeye mwenyewe juu ya paa, kwa sababu ripoti inayoandikwa baada ya kukataliwa huonekana imeandikwa ili kupinga kukataliwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni mapaa yanayobomolewa mapema. Familia inavumilia ndoo sebuleni kwa msimu mzima, inakata tamaa ya kusubiri, inaita mafundi, na kufikia jioni vigae vyote vimeshapelekwa dampo. Wiki mbili baadaye kampuni inaandika kwamba ilikuwa tayari kutuma mkaguzi. Ni haki ya familia ile kulala pakavu, na hakuna anayepaswa kuvujiwa kwa ajili ya kesi. Ila kuna njia: ziba kwa turubai, tuma barua yenye kuthibitishwa kupokelewa ukisema paa litang'olewa tarehe fulani, na kwamba kampuni inakaribishwa kukagua kabla ya hapo. Wasipokuja, ukimya wao unakuwa sehemu ya jalada lako. Na siku ya kung'oa, piga picha mteremko mmoja mmoja, hifadhi vigae kutoka kila upande.

Ofa ya kwanza, ikija, huwa ya vigae tu, mara nyingi kwa hati ya kuchukulia vigae vingine vya kampuni ile ile. Uliza kama fedha taslimu zinawezekana; hati nyingi zinaruhusu, na mtu ambaye vigae vya kampuni vimemfelisha ana sababu nzuri ya kutotaka vingine. Uliza pia vigae vipya vitakuwa na dhamana ya muda gani. Jibu la kawaida ni kwamba vinarithi miezi iliyobaki ya dhamana ya zamani, kwa hiyo vigae vilivyotoka kiwandani leo vinaanza maisha vikiwa na nusu ya umri. Hilo nalo linaweza kujadiliwa. Wengi hawajadili kwa sababu hawajui kwamba linajadilika.

Ofa yetu ilihusu miteremko miwili inayotazama jua, kwa maelezo kwamba mingine ilikuwa bado "inatoa huduma". Tulijibu kwa picha za mteremko wa kivulini, ambako nyufa zilikuwa chache na fupi lakini zipo, na tukaomba paa zima. Hawakukubali. Waliongeza gharama za kung'oa kwa ile miteremko miwili, ambazo hati haikuwalazimu kulipa, na wakatuma karatasi ya kuachilia madai ili tusaini.

Karatasi hiyo ilikuwa na ukurasa mmoja tu, na ndani yake ilisemwa kwamba tunaachilia madai yote, ya sasa na ya baadaye, yanayohusu vigae vya nyumba hiyo. Nyumba nzima. Walikuwa wanalipia pande mbili na kujivua wajibu wa pande zote nne. Mke wangu ndiye aliyeigundua sentensi hiyo. Tulirudisha karatasi bila saini, tukiwa tumeandika pembeni maneno ambayo tungeyakubali: vigae vya mteremko wa mbele na wa gereji, na si vinginevyo. Ilichukua muda, na simu kadhaa kwa watu waliosema hawana mamlaka ya kubadilisha fomu. Hatimaye ilikuja karatasi mpya yenye maneno yetu. Tulisaini hiyo. Madai ya upande wa kivulini bado yako wazi, na vigae vyake vilivyotolewa kama sampuli viko gerejini, vimelazwa bapa, kila kimoja na tarehe yake.